Msimu wa Kubonyeza Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza daftari hili kwa sababu moja tu, na sitajisingizia hekima: siku shemeji yangu atakapong'olewa Meza Namba Moja, sitaki nisahau hata chembe ya utamu wake.

Mimi ni mkataji wa sare. Au nilikuwa. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye meza hiyo na kisu cha umeme mkononi, kitambaa kimetandazwa tabaka sitini, nikifuata mstari wa chaki kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani. Msimu wa mvua uliopita, taka za meza yangu zilipita asilimia kumi na mbili wiki tatu mfululizo. Yaani kwa kila kilo mia za kitambaa zilizotoka stoo, zaidi ya kumi na mbili ziliishia kwenye magunia ya vipande. Kanuni ya kiwanda haina huruma: wiki tatu, unaachia meza. Mkurugenzi akamwita msaidizi wangu, mdogo wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kukishika kisu bila kujikata vidole, akamuuliza kulikoni. Naye akajibu, nimeletewa neno kwa neno: "Shemeji macho yamechoka."

Macho yangu hayajachoka. Ni watu tu siku hizi wanaandika maandishi madogo.

Yeye akapewa meza. Mimi nikapewa mizani ya kupimia taka kwenye baraza ya nyuma, pamoja na kiti chenye miguu mitatu na nusu. Mwaka mzima nimekaa hapo nikiandika kilo kwenye karatasi ambazo sidhani kama kuna mtu aliyezisoma. Leo wameniletea kompyuta.

Jumanne, 4 Machi

Kijana wa kampuni ya programu amekuja kutufundisha. Kila sentensi yake ina "bonyeza" mbili, kwa hiyo kabla ya saa nne wote tulikuwa tunamwita Bwana Bonyeza.

"Mzee, gunia likija unachagua meza lilikotoka. Unaandika uzito. Halafu unabonyeza sababu ya taka. Moja, kitambaa kibovu. Mbili, mashine. Tatu, mkataji."

"Na nani anayeamua ni sababu gani?"

"Wewe. Wewe ndiye jicho la mfumo."

Nilimwomba arudie. Akadhani sijasikia. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa kidole kimoja. Herufi M imejificha mahali.

Jumatatu, 10 Machi

Leo ndiyo siku ya kwanza mfumo unahesabu. Gunia la kwanza la Meza Moja lilikuwa limejaa vipande vyenye matundu. Jora zima lilitoka kwa wafumaji likiwa bovu. Hata mtu aliyefumba macho angelijua kwa kupitisha kiganja. Mimi nilikipitisha. Nikajua.

Nikabonyeza tatu.

Hakuna kengele iliyolia, wala paa halikudondoka. Kioo kiliandika "Imehifadhiwa", kwa heshima zote.

Jumatano, 12 Machi

Tatu. Tatu. Mbili (mashine ilitoa moshi mbele ya watu wote, ningeandika nini?). Tatu.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji kaja kula chakula cha mchana kwetu, kama kila Jumapili. Mke wangu humwekea kipande kikubwa, mimi hupewa chenye mfupa.

"Shemeji, hiyo kompyuta mmepatana?" akaniuliza.

"Inanisikiliza kuliko watu wengine."

"Mimi hizo namba zinanichanganya. Wanasema niko kumi na moja na nusu. Nimebana patani za kukatia juu ya kitambaa mpaka zinakaribia kupandana, na bado."

"Labda macho," nikasema.

Kijiko chake kikabaki hewani. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza, na ana kisigino kizuri. Nilimeza chakula kama sukari.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza, na haikubisha hodi.

Mama Ufagio, ndiye anayefagia ukumbi wa kukatia na kuniletea magunia, leo aliburuta gunia la Meza Moja huku anahema. "Baba, hili limenenepa," akasema. Nikalishika. Lilikuwa limelowa nusu yake ya chini.

Nieleze mara moja nisirudie. Magunia ya meza zote huwekwa barazani kusubiri mizani, na kila meza ina sehemu yake tangu kiwanda kifunguliwe. Meza Moja, kwa heshima ya kuwa ya kwanza, ina ile ya mwisho karibu na ukuta. Bati la juu ya ukuta huo limetoboka. Tone linaanguka hapo hapo, na pamba haipewi maji ikakataa. Gunia la kilo kumi na nne lilikuwa linasoma kumi na nane.

Mama Ufagio akanitazama. Mimi nikakitazama kioo. Nikaandika kumi na nane, nikabonyeza tatu.

"Haya," akasema. "Mimi wa kufagia, sikuulizwa."

Ijumaa, 28 Machi

Asilimia 12.6. Kwenye ule ubao wa kompyuta uliotundikwa ukumbini, jina la Meza Moja limegeuka jekundu. Nimepita hapo mara nne kwenda chooni. Wenzangu wameanza kuniulizia afya yangu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Tatu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Tatu, tatu.

Ijumaa, 4 Aprili

Asilimia 13.2. Wiki ya pili nyekundu.

Shemeji alikuja barazani baada ya kazi. Hakuwa na ule mwendo wake wa kubeba mabega. Aliinama karibu na mizani kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka.

"Shemeji, nakuomba. Wewe umekaa na ile meza miaka mingi. Nakosea wapi?"

"Mimi ni mtu wa kupima tu."

"Usinifanyie hivyo. Ikiwa nyekundu wiki ijayo, nimekwisha. Wewe walikuleta huku kwenye mizani. Mimi watanipeleka wapi? Huku tayari kuna mtu."

Kweli. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mizani ina kiti kimoja, tena kibovu. Mimi niliachia kisu nikabaki kiwandani. Yeye akikiachia, unga umemwagika.

"Kaza macho," nikamwambia.

Alipoondoka niliona gunia lake la mwisho limekaa pembeni ya tone, si chini yake hasa. Mama Ufagio alikuwa amelisogeza apate njia ya kufagia. Nililirudisha. Kwa mguu, kidogo tu, kama mtu anayesogeza paka. Mikono yangu haikuhusika.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Gunia moja limesoma ishirini na moja. Mke wangu ananiuliza mbona napiga mluzi.

Jumatano, 9 Aprili

Leo kulikuwa na mapumziko ya umeme, na nikafanya kosa la kufungua sanduku la karatasi za zamani lililo nyuma ya mizani.

Ndani yake kuna karatasi zangu za mwaka jana, za wakati nilipokuwa bado mezani: kilo za taka kwa siku, kwa mwandiko wa marehemu mpimaji aliyenitangulia. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kwenye pembe ya kila karatasi alichora hali ya hewa: kijua au kimstari cha mvua. Sijui kwa nini; pengine alikuwa amechoshwa kama mimi.

Wiki zangu tatu mbaya zote zina mistari ya mvua. Kabla yake, vijua, na taka kumi, kumi na nusu. Baada yake mwandiko ni wangu, bila michoro, lakini nakumbuka jua lilivyorudi: shemeji yuko mezani, na taka kumi. Wakamsifu kwamba ameiponya meza.

Nilikaa na zile karatasi mapajani mpaka umeme uliporudi. Miaka ishirini na miwili ya kazi yangu, na kilichonitoa ni tundu la bati lisilozidi upana wa kidole gumba. Hakuna aliyenishinda. Hata mimi mwenyewe sikujishinda. Mwaka mzima nimelala na wazo kwamba labda ni kweli, labda mkono ulianza kutetemeka, labda mstari ulikuwa unanikimbia na sioni. Mwaka mzima nimekuwa nikijaribu macho yangu kwa kusoma vibao vya maduka ng'ambo ya barabara, nikijidanganya.

Sasa mtu mwema angeondoka hapo hapo na zile karatasi, akaenda kugonga mlango wa Mkurugenzi. Angejisafisha yeye na shemeji yake kwa siku moja.

Mimi nilizirudisha sandukuni. Kwa sababu bati lilinitoa mezani, sawa, lakini bati halikusema "macho yamechoka". Hilo lilisemwa na mdomo, mdomo unaokula kwangu kila Jumapili, kipande kikubwa.

Magunia mawili yalikuwa yananisubiri. Tatu. Tatu.

Ijumaa, 11 Aprili

Asilimia 13.9.

Jumatatu, 14 Aprili

Tuliitwa ofisini wawili. Mkurugenzi ni mama mmoja mfupi, haongei mpaka amalize kusoma, na husoma polepole. Alikuwa ameichapisha karatasi ya mfumo.

"Wiki tatu," akasema. "Na sababu karibu zote ni mkataji. Wewe ndiye unayepima. Ni kweli?"

Shemeji alinigeukia. Hakuniomba kwa mdomo. Alinitazama tu kama zamani, siku zile za kwanza alipokuwa anangoja nimwambie kama mstari wake umenyooka.

"Mama, mimi ni jicho la mfumo tu," nikasema. "Mfumo unasema tatu."

Sasa niandike raha yake, si ndiyo sababu ya daftari hili? Ilikuwa tamu. Ilidumu kama kutoka ofisini mpaka mlango wa ukumbi. Sitasema uongo kwamba haikuwepo.

Lakini kabla hatujatoka, Mkurugenzi aliongeza lile ambalo sikulitegemea. Msimu wa sare uko juu, shule zinangoja, hana mkataji mwingine. Nirudi Meza Moja. Na kwa kuwa mizani imebaki wazi, shemeji asifukuzwe, akakae pale. Tumebadilishana viti kama watoto.

Nyumbani mke wangu alinifungulia mlango bila kunipokea mkoba.

"Umefurahi?"

"Kidogo."

"Meno yote thelathini na mawili yako nje, unasema kidogo." Akaingia jikoni. "Nakuuliza mara moja, mume wangu, na sitarudia. Ni haki yako umeichukua, au ni mdogo wangu umemla?"

"Namba ndizo zilizosema."

"Sikuuliza namba."

Jumanne, 15 Aprili

Nimekishika kisu. Kinanguruma vilevile. Nilimwelekeza shemeji namna ya kutumia kompyuta: meza, uzito, sababu. Akaitikia "ndiyo shemeji", "sawa shemeji". Anaandika kwa vidole vyote kumi, mshenzi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mstari wa chaki unanikimbia kidogo. Ni chaki. Siku hizi wanatengeneza chaki hafifu.

Jumapili, 20 Aprili

Hakuja kula. Kipande kikubwa nilipewa mimi. Mke wangu alikiweka mbele yangu akasimama pale pale, mikono kiunoni, mpaka nikimalize.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Magunia yangu yako ukutani, chini ya tone. Mtu anayejua analifanyaje hilo? Nikiyahamisha, nimekiri. Nikiyaacha, nimejipalilia makaa. Nimeyaacha.

Alhamisi, 24 Aprili

Saa sita, kila mtu kaenda kula, nimezima kisu. Shemeji akaingia ukumbini na gunia begani, akalitua mezani kwangu, juu ya patani.

"Jana jioni hili lilikuwa kilo kumi na tisa. Nikalilaza chumba cha pasi, kwenye joto. Leo asubuhi ni kumi na nne."

"Mvua," nikasema. Nini kingine?

"Mvua. Mimi nimekaa kwenye kile kiti siku nane nikajua. Wewe umekaa mwaka."

Nilijifanya nanyoosha kona ya kitambaa.

"Nimefungua na yale uliyoandika wewe. Kumbe mfumo unaweka jina la kila anayebonyeza. Meza Moja, kuanzia tarehe kumi Machi: tatu, mara mia moja na arobaini na moja. Mashine umeiandika mara moja. Kitambaa kibovu, hujaigusa kabisa. Hata lile jora la matundu, shemeji? Lile lilikuwa linapitisha mwanga kama chujio!"

"Ulisema macho yangu yamechoka."

"Nilisema."

Nilikuwa nimejiandaa akane. Mwaka mzima nilikuwa na jibu la mtu anayekana, refu, lenye vituo na kila kitu. Sikuwa na jibu la "nilisema".

"Nilisema kwa sababu nilikitaka hicho kisu," akaendelea. "Na nilipoulizwa sikulazimika kudanganya sana. Ulikuwa unashika karatasi mbali na uso kama inataka kukung'ata. Nilipaswa kukuambia wewe kwanza, nikamwambia bosi. Hilo ni langu, na linanichoma. Lakini kilo zako sikuzigusa. Mimi nilisema neno moja. Wewe umesema mia moja na arobaini na moja."

"Unaenda kwake?"

"Saa nane. Nimekuja kukuambia kwa sababu dada lazima ataniuliza kama nilikuambia."

Akabeba gunia lake akaondoka.

Ningependa niandike hapa kwamba dhamiri ilinishika koo. Kilichonishika ni picha. Nilimwona pale ofisini, na ile sauti yake ya upole, akieleza kila kitu bila kunitukana, akiwa na haki mwanzo mpaka mwisho, na Mkurugenzi akitikisa kichwa kwa kunisikitikia. Nilishindwa kuivumilia. Nimpe na hilo tena? Alishakula vipande vikubwa vya kutosha.

Saa saba na nusu nilikuwa nimeshagonga mlango.

Hata kukiri nilikiri kwa kisirani. Nilisema yote, haraka haraka, nisimwachie hata punje: bati, tone, magunia, jora la matundu, zile tatu. Nikaweka mezani kwake karatasi za mwaka jana zenye vijua na mistari. Nikasema, "Mlinitoa kwa sababu ya tundu la bati, Mama. Na nyinyi ndio mliotia sahihi." Alisoma polepole, karatasi moja moja. Alipomaliza alivua miwani akaifuta.

"Na magunia?" akauliza mwisho. "Yote yalikuwa yanalowa yenyewe?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza.

"Moja nililisogeza. Kwa mguu."

Shemeji alipobisha hodi saa nane kamili, na gunia lake begani, alinikuta nimekaa. Uso wake! Alikuwa amekuja na hotuba na hapakuwa na wa kumhutubia. Hiyo raha nayo naiandika, kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyopata siku hiyo.

Mkurugenzi akatoa hukumu tukiwa tumesimama wote wawili.

"Wewe rudi mezani," akamwambia shemeji. "Na siku nyingine nikikuuliza habari ya mtu, ukamwambie yeye kabla yangu." Kisha akanigeukia mimi. "Ungekuja na mvua peke yake, ningekurudishia kisu leo na kukuomba radhi mbele ya kiwanda. Umekuja na mguu. Rudi kwenye mizani. Na ukapimwe macho."

Nyumbani nilimwambia mke wangu kabla hajaambiwa. Hakupiga kelele. Alikaa kando yangu kwenye kochi, akaniuliza namba, mia moja na ngapi, akairudia taratibu kama mtu anayehesabu siku za ndoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Bati limezibwa. Magunia yote yanalala chumba cha pasi kabla ya kupimwa. Bwana Bonyeza ameitwa aongeze sababu ya nne kwenye mfumo: maji. Alishangaa. "Hakuna kiwanda kimewahi kuniomba hiyo, mzee." Nikamwambia sisi ni watu wa kipekee.

Ijumaa, 2 Mei

Nimepata miwani. Kumbe ile miti ng'ambo ya barabara ina majani.

Jumapili, 4 Mei

Shemeji kaja kula. Tumeongea habari za mvua, ambayo si mada rahisi kwetu. Mke wangu aligawa vipande viwili sawasawa kabisa. Nadhani alitumia rula. Mimi na yeye tukavitazama, tukatazamana, tukala.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua inaisha. Wiki hii sababu ya kwanza nimebonyeza mara sita, ya pili mara mbili, ya nne hakuna. Meza Moja iko asilimia kumi na robo.

Na tatu, mara moja. Lilikuwa gunia la jana mchana. Kabla ya kubonyeza nilivitoa vipande, nikavipanga sakafuni, nikavaa miwani, nikavikagua vyote mara mbili, kisha nikamwita Mama Ufagio naye aangalie, maana yeye huulizwa siku hizi. Hakuna shaka. Mikono ya mashati ishirini, mstari umekwenda kombo nusu kidole. Ni kosa la mkataji, safi kabisa, kavu kabisa.

Nilikwenda mezani kumwambia kwanza, kama tulivyoagizwa. "Shemeji," nikamwambia, "nakuja kukubonyeza." Akaangalia kipande, akakubali, akafyonya.

Nikarudi taratibu, nikaketi, nikakinyoosha kidole changu kimoja. Sijabonyeza kitu kwa raha kama ile tangu nizaliwe.